Nani Hulipa, na Hadi Lini? Historia ya Ruzuku Kati ya Kabezi na Rumonge

Neno letu la leo ni ruzuku. Asili yake ni Kiarabu, na ndugu yake wa karibu ni riziki. Wazee walitumia kitenzi kuruzuku waliposema kwamba Mungu humruzuku mja wake, yaani humpa chakula, watoto na uhai. Katika lugha ya ofisi ya leo, ruzuku ni fedha ambazo serikali, balozi, mfuko au shirika hulipa shule, halmashauri au asasi ili kazi fulani ifanyike, pasipo mpokeaji kuzirudisha kama anavyorudisha mkopo. Hata hivyo fedha hizo huja na masharti, na kila sharti lina historia yake.

Ili tuielewe historia hiyo, tusafiri pamoja katika ufuo wa Ziwa Tanganyika nchini Burundi. Barabara ya taifa namba 3 hutoka Bujumbura na kuelekea kusini, ziwa likiwa upande wa kulia na milima upande wa kushoto. Baada ya takriban kilomita 20 tunafika Kabezi. Tukiendelea kupitia Gitaza, Magara na Minago, tunafika Rumonge, mji wa wavuvi, wakulima wa michikichi na wafanyabiashara, ambako Kiswahili kimesikika sokoni na bandarini kwa vizazi vingi. Katika ufuo huu tunaweza kuuliza maswali matatu yanayoihusu kila ruzuku: nani hulipa, kwa sharti gani, na hadi lini?

Kabla ya wafadhili

Tusidhani kwamba watu wa ufuo huu walianza kusaidiana siku magari ya mashirika yalipowasili. Warundi wana desturi iitwayo ikibiri: majirani hukusanyika kulima shamba la mmoja wao, kisha zamu humfikia mwingine. Hakuna fedha inayopita mkononi, wala hakuna taarifa inayoandikwa, ila kila mtu anakumbuka nani alikuja na nani hakuja. Waislamu wa ufukweni walikuwa na zaka, sadaka na wakfu. Wakfu ni mali inayotengwa daima kwa manufaa ya umma, na mtoaji hawezi kuidai tena. Wakristo nao walikuwa na michango ya parokia.

Desturi hizi zina nguvu moja kubwa: mtoaji na mpokeaji wanafahamiana. Zina pia udhaifu mmoja: haziwezi kujenga chumba cha upasuaji. Jirani anaweza kumbeba mama mjamzito kwenye machela hadi barabarani. Hawezi kumlipa daktari, kununua dawa za usingizi na kutunza gari la wagonjwa mwaka mzima. Hapo ndipo swali la ruzuku lilipoanza kuwa swali la uhai na kifo.

Hospitali zilipogeuka kuwa korokoro

Vita vya wenyewe kwa wenyewe vilivyoanza mwaka 1993 viliidhoofisha sana hazina ya serikali ya Burundi. Mwaka 2002 ulianzishwa utaratibu wa wagonjwa kulipia gharama kamili za matibabu. Kwa familia nyingi, hasa katika mkoa wa Bujumbura vijijini ambako mapigano yaliendelea kwa muda mrefu kuliko sehemu nyingi za nchi, utaratibu huo ulimaanisha kukaa nyumbani na kungoja.

Waliokwenda hospitali bila fedha walikuta jambo la ajabu. Mnamo Septemba 2006, shirika la Human Rights Watch pamoja na APRODH, shirika la Kirundi la kutetea haki za wafungwa, yalitoa ripoti iliyoeleza jinsi wagonjwa maskini walivyokuwa wakizuiliwa hospitalini kwa sababu hawakuweza kulipa. Miongoni mwao walikuwamo akina mama waliojifungua kwa upasuaji. Mama alikuwa amepona, mtoto alikuwa mzima, na wote wawili hawakuruhusiwa kutoka hadi deni lilipwe.

Tarehe 1 Mei 2006, Siku ya Wafanyakazi, Rais Pierre Nkurunziza alitangaza kwamba kujifungua na matibabu ya watoto walio chini ya miaka mitano vitatolewa bila malipo. Tangazo hilo lilipokewa kwa furaha, na wagonjwa wakafurika. Lakini neno bure lina mtego ndani yake. Huduma ikiwa bure kwa mgonjwa, bado ina gharama, na lazima mtu mwingine ailipe. Vituo vilipata wagonjwa wengi kabla ya kupata fedha, dawa na wahudumu wa kutosha.

Kabezi: bei ya uhai mmoja

Katika mwaka huohuo wa 2006, shirika la Madaktari Wasio na Mipaka, linalojulikana kwa kifupi cha Kifaransa kama MSF, lilifungua kituo cha dharura za uzazi Kabezi. Mwaka huo pia, mnamo Septemba, serikali na kundi la waasi la FNL lililokuwa na ngome yake katika eneo hilo walitia saini mkataba wa kusimamisha mapigano mjini Dar es Salaam. Amani kamili ilichelewa, lakini barabara zilianza kupitika.

Mpango wa Kabezi ulikuwa rahisi kueleza. Vituo vidogo vya afya vilivyotawanyika milimani viliendelea kuwazalisha akina mama ambao hawakuwa na tatizo. Mama alipopata tatizo, muuguzi aliita kwa redio au simu, na gari la wagonjwa likatumwa kumchukua usiku au mchana. Kabezi kulikuwa na wahudumu wa upasuaji, damu na dawa. Mama hakulipa chochote, si kwa safari wala kwa matibabu.

Mwaka 2012 MSF ilichapisha matokeo ya kazi hiyo pamoja na yale ya mradi wake wa Bo nchini Sierra Leone. Makadirio yalionyesha kwamba vifo vya akina mama katika eneo la Kabezi vilipungua kwa asilimia 74 vikilinganishwa na hali ya nchi: vifo 208 kwa kila watoto 100,000 wanaozaliwa hai, wakati makadirio ya taifa yalikuwa 800. Umoja wa Mataifa ulikuwa umeweka lengo la kupunguza vifo hivyo kwa robo tatu ifikapo 2015. Kabezi ilikuwa imelikaribia lengo hilo. Gharama yake ilikuwa kiasi cha euro 3.20 kwa mwaka kwa kila mkazi wa eneo lililohudumiwa.

Tuitazame takwimu hiyo kwa pande zote mbili. Euro 3.20 ni fedha ndogo sana kwa mfadhili wa Ulaya. Lakini zikizidishwa kwa maelfu kwa maelfu ya wakazi, tena kila mwaka, zinakuwa mzigo mzito kwa nchi ambayo bajeti yake ya afya kwa kila raia ilikuwa finyu mno. MSF huendeshwa kwa sehemu kubwa kwa michango ya watu binafsi duniani, kwa hiyo haikulazimika kungoja ruzuku ya serikali fulani ili ianze. Hiyo ndiyo sababu iliweza kuanza upesi. Lakini shirika la dharura haliahidi kukaa milele. Baadaye liliondoka Kabezi na kuacha kazi mikononi mwa mamlaka za afya za nchi.

Hapa ndipo somo la Kabezi linapouma. Kituo kilithibitisha kwamba akina mama wa milimani hawafi kwa sababu ya mapenzi ya majaliwa. Wanafa kwa kukosa gari, damu na daktari, na vitu hivyo vina bei inayojulikana. Likishajulikana hilo, swali hubadilika. Haliulizi tena kama inawezekana kuwaokoa. Linauliza nani atalipa mwaka ujao.

Kigutu: majembe kabla ya dola

Twende sasa juu ya milima inayoitazama Rumonge, hadi Kigutu katika iliyokuwa tarafa ya Vyanda. Huko alirudi Deogratias Niyizonkiza, Mrundi aliyekimbilia New York mwaka 1994 na kusoma katika vyuo vya Marekani. Pamoja na wenyeji na marafiki wa huko ughaibuni alianzisha shirika la Village Health Works, na mwishoni mwa 2007 zahanati ilifunguliwa. Mwandishi Tracy Kidder alisimulia maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 2009, na kitabu hicho kikaifahamisha Kigutu kwa wasomaji wengi wa Marekani.

Kabla ya zahanati kulikuwa na tatizo la barabara. Njia ya kupandia Kigutu, yenye urefu wa kilomita 6 hivi, haikufaa kwa malori, na makadirio ya kuitengeneza yalikuwa dola 50,000, fedha ambazo shirika changa halikuwa nazo. Wanakijiji walichukua majembe wakaitengeneza wenyewe. Ilikuwa ikibiri, desturi ileile ya kale, ikifanya kazi mahali ambapo mfadhili hakuwa amefika bado.

Wanafunzi wangu, tusilichukulie tukio hili kama hadithi ya kutia moyo tu. Lina maana ya kiuchumi. Wafadhili wengi wa asasi ndogo humtaka mwombaji aonyeshe mchango wa jamii: ardhi, mawe, mchanga, nguvu za mikono. Mpango wa balozi za Marekani wa kusaidia miradi ya kujitegemea, ulioanza Afrika katika miaka ya 1960, ulidai mchango wa aina hiyo. Umoja wa Ulaya nao kwa kawaida humtaka anayeomba abebe sehemu ya gharama za mradi. Jamii yenye desturi ya kufanya kazi pamoja tayari ina mtaji, hata kama sanduku lake ni tupu. Kosa la asasi nyingi ni kusahau kuuhesabu mtaji huo na kuuandika.

Rumonge: fedha za amani na ardhi isiyotosha

Rumonge ina jeraha la zamani. Mwishoni mwa Aprili 1972 uasi ulizuka katika eneo la Rumonge na Nyanza-Lac, na watu wengi waliuawa. Ukandamizaji uliofuata nchini kote uliua watu wengi zaidi, na umati mkubwa ukakimbilia Tanzania. Mashamba yaliyoachwa, hasa ya michikichi, yaligawiwa watu wengine. Zaidi ya miaka 30 baadaye wakimbizi walianza kurudi; zaidi ya 50,000 kati ya wale wa 1972 walirejea katika miaka iliyofuata mpango wa mwaka 2008. Wengi walikuta familia nyingine imezaliwa, imelima na imezika wazee wake katika ardhi ileile.

Serikali iliunda tume ya ardhi na mali nyingine mwaka 2006. Mnamo Januari 2007 Umoja wa Mataifa uliitengea Burundi dola milioni 35 kutoka Mfuko wake wa Kujenga Amani. Burundi na Sierra Leone zilikuwa nchi za kwanza kunufaika na mfuko huo mpya. Vijiji vilijengwa kwa ajili ya waliorudi bila ardhi, kimojawapo kikiwa Mutambara katika tarafa ya Rumonge.

Fedha za namna hii zinaonyesha tabia nyingine ya ruzuku. Mradi una tarehe ya kuanza na tarehe ya kumalizika. Ugomvi wa shamba hauna tarehe hizo. Nyumba inaweza kujengwa katika mwaka mmoja, bali kuaminiana kwa majirani huhitaji muda ambao hauandikwi katika jedwali la mradi. Mtu aliyepewa nyumba bila shamba la kumtosha anabaki na paa na njaa. Hivyo msaada uliokusudiwa kutuliza mgogoro unaweza kuuahirisha tu, endapo mtoaji atahesabu nyumba na asihesabu ekari.

Wafadhili wanapogombana na serikali

Mwaka 2015 Burundi iliingia katika mgogoro wa kisiasa. Mnamo Machi 2016 Umoja wa Ulaya ulisimamisha misaada inayopita moja kwa moja serikalini, na fedha zake nyingi zikapitishwa katika mashirika. Kizuizi hicho kiliondolewa Februari 2022. Kwa hiyo, kwa muda wa karibu miaka sita, mashirika yalibeba sehemu ya kazi ambayo kwa kawaida ni ya dola.

Serikali nayo ilijibu kwa sheria. Mnamo Januari 2017 zilitolewa sheria mpya mbili, moja ya asasi za kitaifa zisizotafuta faida na nyingine ya mashirika ya kigeni. Tarehe 1 Oktoba 2018 shughuli za mashirika ya kigeni zilisimamishwa kwa miezi mitatu, na yakatakiwa kutimiza masharti, likiwamo la uwiano wa kikabila katika ajira: Wahutu asilimia 60 na Watutsi asilimia 40. Baadhi yalikubali. Handicap International ilichagua kuondoka.

Tunaweza kutofautiana kuhusu nani alikuwa na haki. Serikali inayo haki ya kujua nani anafanya kazi katika nchi yake. Shirika nalo linayo haki ya kukataa kuorodhesha wafanyakazi wake kwa kabila katika nchi iliyomwaga damu kwa sababu hiyo. Lakini asasi ndogo ya kilimani, iliyotegemea fedha za shirika hilo, haikuketi katika meza yoyote ya mazungumzo. Ilipokea habari kama mvuvi anavyopokea dhoruba.

Fedha za nyumbani

Je, Burundi yenyewe haikutoa kitu? Ilitoa. Tangu 2010 serikali na wafadhili hulipa vituo vya afya kote nchini kulingana na kazi iliyofanyika na kuhakikiwa. Katika utaratibu huo asasi za wenyeji hupewa mkataba wa kuwatafuta wagonjwa majumbani na kuwauliza: je, kweli ulitibiwa? Ulihudumiwaje? Hapa asasi haiombi msaada. Inauza huduma ambayo yeye mgeni hawezi kuifanya, kwa sababu hajui njia za kilimani wala majina ya watu.

Kuna pia mfuko wa taifa wa uwekezaji wa tarafa, FONIC, ambao hupeleka fedha za serikali katika ngazi ya chini. Kupitia mpango wa vyama vya ushirika vya Sangwe, kila kilima kati ya vilima 2,911 vya nchi kilikusudiwa kupata faranga milioni 10. Na chini kabisa, bila mfadhili yeyote kuweka fedha sandukuni, kuna vikundi vya kuweka na kukopa, ambavyo wengi huviita Nawe Nuze, yaani "nawe njoo". Mfumo wake ulibuniwa na shirika la CARE nchini Niger mwaka 1991. Wanachama huweka akiba kila juma, hukopeshana, na mwisho wa mzunguko hugawana. Haba na haba hujaza kibaba. Lakini tukumbuke kwamba kibaba hakitoshi kulipia upasuaji. Kila aina ya fedha ina kazi yake.

Mwaka 2025 na swali lililobaki

Mwaka 2016, katika mkutano wa kibinadamu wa Istanbul, wafadhili wakubwa waliahidi kwamba ifikapo 2020 robo ya fedha za misaada ya dharura ingewafikia watoa huduma wa nchi husika kwa njia fupi iwezekanavyo. Lengo hilo halikufikiwa. Kisha Januari 2025 serikali ya Marekani ilisimamisha misaada yake ya nje, na tarehe 1 Julai mwaka huohuo shirika la USAID likakoma kufanya kazi kama chombo kinachojitegemea. Miradi ya miaka mingi ilifungwa kwa barua moja.

Kwa hiyo asasi ya Kabezi au Rumonge inayotafuta ruzuku leo ifanye nini? Historia tuliyoipitia inatoa majibu kadhaa. Kwanza, iwe na usajili halali, viongozi waliochaguliwa, akaunti ya benki na vitabu vya hesabu, kwa maana mfadhili hutazama hayo kabla ya kusoma wazo lake. Pili, iandike mchango wa jamii kwa takwimu: siku za kazi, eneo la ardhi, mawe yaliyobebwa. Tatu, isome mwito wa maombi kwa makini. Miito hiyo kwa kawaida huandikwa kwa Kifaransa au Kiingereza, na asasi yenye kazi nzuri hushindwa na asasi yenye mwandishi mzuri. Hiyo ni dhuluma ya lugha, na nyinyi mnaojifunza lugha mnaweza kuipunguza kwa kumsaidia jirani kutafsiri andiko lake. Nne, isitegemee mlango mmoja, kwa kuwa mtegemea cha nduguye hufa maskini. Tano, kabla ya kutia saini, iulize waziwazi: fedha hizi zikiisha, nani atalipa mshahara wa muuguzi?

Swali hilo la mwisho halipaswi kuulizwa na asasi peke yake. Raia anayelipa kodi analo swali hilohilo kwa diwani, kwa mbunge na kwa waziri. Mfadhili anaweza kuonyesha, kama ilivyokuwa Kabezi, kwamba mama anaweza kuokolewa na kwa bei gani. Kuamua kwamba ataokolewa kila mwaka, mvua inyeshe au isinyeshe, mfadhili awepo au asiwepo, ni uamuzi wa nchi yenyewe. Ndiyo maana somo hili nimeliweka katika elimu ya uraia.

Msamiati

Ruzuku: fedha zinazotolewa kwa kazi maalumu bila kurudishwa kama mkopo.
Mfadhili: mtu au chombo kinachotoa fedha au msaada, neno limetokana na fadhila.
Asasi: chombo kilichoundwa na watu kwa lengo la pamoja.
Wakfu: mali iliyotengwa daima kwa manufaa ya umma au ya dini.
Andiko la mradi: maelezo rasmi ya kazi inayoombewa fedha, pamoja na bajeti yake.
Kukabidhi: kumwachia mwingine kazi au mali kwa utaratibu maalumu.

Maswali ya kujadili

1. Eleza tofauti kati ya ikibiri, wakfu, mkopo na ruzuku. Ni ipi humfunga zaidi mpokeaji, na kwa nini?
2. Kama ungekuwa diwani wa Kabezi wakati kituo cha uzazi kilipokabidhiwa, ungepunguza matumizi gani ili kukitunza?
3. Andika barua rasmi ya aya tatu kwa niaba ya kikundi cha wanawake wakaushaji dagaa wa Rumonge, ukiomba ruzuku na kueleza mchango wao wenyewe.